Platuni isiyo na mgonjwa

Ukisema uliumizwa kwenye mafunzo ya jeshi jibu linakuja haraka sana, ulitegemea nini, ulidhani umeenda kutembelea shangazi? Na kiukweli nakubaliana nao nusu. Mafunzo lazima yaume. Kuruta inabidi akimbie akiwa amechoka, alale kidogo, afokewe, abebe mzigo mpaka aone kama mgongo unaachana na kiuno, kwa sababu huko mbele adui hatamuuliza kama amepumzika. Kwahiyo hapa siongelei ukali. Naongelea kitu ambacho kwa nje kinafanana na ukali mpaka makamanda wenyewe wanachanganya, na mimi nilikielewa vizuri baadaye kabisa, nilipopangiwa kazi ofisi ya mafunzo na kuanza kuyasoma yale madaftari tuliyokuwa tunaandikwa humo bila kuyaona.

Kombania yetu ilikuwa na platuni tatu na yetu ndio ilikuwa inasifiwa. Kwata safi, hanga, yaani bweni letu, linang'aa, paredi ya asubuhi watu wote wapo. Mkufunzi wetu alikuwa sajenti, sisi tulimpa jina la Kimya, maana neno lenyewe alikuwa analitoa kabla hujafungua mdomo. Unanyoosha mkono, kimya. Unasema afande naomba ruhusa, kimya, nani kakwambia uombe. Mtu akiuliza swali darasani kuhusu bunduki anaambiwa anajifanya msomi, basi anaruka kichura mpaka kipindi kinaisha na swali lake linabaki hapohapo. Wiki ya kwanza tuliuliza maswali. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza, na yeye akawa anawaambia wakufunzi wenzake, mnaona, platuni yangu inaelewa.

Sasa kuruta akishajua kwamba kuongea ni hatari hanyamazi tu, anakuwa fundi wa kuficha. Hii ndio sehemu watu hawaioni. Mwenzetu mmoja alianza kuumwa mguu, sehemu ya juu ya unyayo, karibu na vidole. Mwanzoni ni maumivu ya kawaida, asubuhi afadhali, jioni yanarudi. Kwa asiyejua, hayo ni maradhi ya zamani sana ya makuruta, daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliyaeleza mwaka 1855 kwa askari waliokuwa wanavimba miguu baada ya matembezi marefu, na mashine ya eksirei ilipokuja ndio ikaonekana kwamba ni mfupa unaopata ufa kwa kugongwagongwa kila siku bila kupewa muda wa kujijenga. Ukiwahiwa unapumzishwa wiki kadhaa unapona. Ukilazimisha ufa unakuwa mvunjiko kamili. Yule mwenzetu hakwenda siki, yaani kujiandikisha mgonjwa atibiwe. Alikuwa anaamka kabla ya filimbi, anaufunga mguu kwa kitambaa alichochana kwenye shuka, kwa juu anavaa soksi mbili, halafu anatembea hanga zima akienda na kurudi gizani ili ganzi iingie kabla ya mchakamchaka. Alitufundisha na sisi jinsi ya kufunga. Yaani tukawa na hospitali yetu ya chini kwa chini, kuna aliyekuwa na dawa za maumivu, kuna aliyekuwa anapasua malengelenge kwa sindano ya kushonea, kuna aliyekuwa anasimamia zamu za kuangalia kama afande anakuja.

Kwanini asiende siki? Kwa sababu aliyekwenda siki platuni nzima ilikuwa inalipa. Kimya alikuwa hamgusi mgonjwa hata kidogo, alikuwa na akili kuliko hivyo. Anamkalisha kivulini, anampa na kiti kabisa, halafu anasema haya, mwenzenu kachoka, tumsaidie kazi yake, na nyie mnagaagaa kwenye changarawe huku yeye anawaangalia. Usiku mgonjwa anarudi hanga na hakuna anayemsemesha. Ukifanyiwa hivyo mara moja hutaki tena karatasi ya daktari, hata ukipewa bure.

Halafu kuna siku ya maji, hii naieleza kwa urefu maana ndio iliyonifanya nianze kufikiria haya mambo.

Jua lilikuwa kali na siku moja nyuma makuruta wawili wa platuni nyingine walikuwa wameanguka kwa joto. Ikatoka amri kutoka juu kwamba wakufunzi wahakikishe kila mtu anakunywa maji. Amri nzuri, haina shida. Ila kwa Kimya kila amri ilikuwa inageuka fimbo, akaamua kila tukisimama unamaliza chupa nzima palepale kisha unaigeuza juu ya kichwa chako aone kwamba haina kitu, na ukidondosha matone unaongezewa nyingine. Tukatembea na mizigo, tukasimama, tukanywa, tukatembea. Matumbo yamejaa mpaka yanachezacheza. Jirani yangu kwenye mstari, kijana mmoja mrefu mwenye nguvu kuliko wote, akaanza kusema kichwa kinamuuma. Kituo kinachofuata akatapika, na alichotapika ni maji matupu. Akalazimishwa anywe mengine kufidia. Muda kidogo akaniita kwa jina ambalo silo langu. Nikamwangalia usoni, anatabasamu tu, macho yapo lakini mwenyewe hayupo, halafu akaniuliza kama basi limeshafika.

Waliokuwa mbele yake walisikia. Waliokuwa nyuma walimwona anavyoyumba. Hakuna aliyetoka mstarini, na sio kwamba hatukumpenda, yule ndiye aliyekuwa anawabebea wenzake silaha wakichoka. Ila siku chache kabla kuna mtu alikuwa ametoka mstarini kumshika mwenzake anayeanguka na tukapigishwa doso, yaani adhabu ya mwili, mpaka viwiko vikachubuka, na Kimya akatuambia msinishukuru mimi, mshukuruni huyo. Kwahiyo kila mtu alikuwa anapiga hesabu kimoyomoyo, nikisema itakuwaje, nikinyamaza itakuwaje, na hesabu zilikuwa zinatoa jibu lilelile kwa wote. Aliyemwokoa ni mhudumu wa zahanati aliyekuwa kwenye gari la nyuma, alimwona tu anavyotembea akashuka. Kimya akamwambia mpe maji huyo, joto hilo. Yule mhudumu, ambaye cheo chake kilikuwa chini, akasema afande huyu hapati hata tone, akampakia.

Nilikuja kujua baadaye kilichokuwa kinatokea. Ukinywa maji mengi kwa haraka huku jasho limeshatoa chumvi, chumvi iliyobaki kwenye damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli, ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Dalili zake, kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, zinafanana na za mtu aliyezidiwa na joto, kwahiyo mkufunzi asiyeuliza wala kusikiliza ataongeza maji na kumuua mtu kwa mkono wake huku akidhani anasaidia. Jeshi la Marekani liliwahi kupoteza watu kwa namna hiyo, na mwaka 1998 likabadilisha miongozo yake na kuweka kikomo, isizidi kama lita moja na nusu kwa saa na kama lita 11 kwa siku. Ukiangalia hapo, kinachotenganisha joto na maji ni taarifa tu. Amekunywa kiasi gani? Ametapika nini? Alianza lini kuongea ovyo? Taarifa zote hizo sisi tulikuwa nazo, platuni nzima, muda mrefu kabla gari halijafika.

Ndio maana nasema madhara makubwa ya kiongozi wa aina hii sio kuumia roho, ingawa roho inaumia kweli na kuna wenzetu mpaka leo filimbi ya refa kwenye mpira inawashtua. Madhara makubwa ni kwamba macho na masikio ya kikosi yanakatwa. Watu wanaona ila kinachoonwa hakifiki kwa anayeamua.

Kwenye renji ilionekana vizuri zaidi, na pale hakukuwa hata na adhabu ya mtu. Kila aliyepita jeshini anajua, kwenye uwanja wa shabaha mtu yeyote, hata kuruta wa jana, akiona hatari anaruhusiwa kupaza sauti ufyatuaji usimame. Tumemaliza kufyatua, tunakagua silaha, kijana mmoja akaacha risasi chemba, yaani ndani ya bunduki. Aliyelala pembeni yake aliiona. Akanyamaza. Afande wa renji, ambaye hakuwa Kimya, akaja kuikuta mwenyewe wakati mtutu umeshaanza kugeuka kuelekea watu. Akamuuliza yule wa pembeni, uliona? Akajibu ndiyo afande. Mbona hukusema? Kijana akasimama mguu sawa hajui ajibu nini, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa ni kwamba kwa mazoea ya platuni yetu kusema lilikuwa kosa kubwa kuliko risasi.

Kuna mkufunzi mwingine pale kambini, koplo, tulikuwa tunamuogopa kuliko hata Kimya linapokuja suala la mbio. Mtu wa ajabu. Anabeba mzigo sawa na wenu, anakimbia mbele, na anaongea muda wote bila kuhema. Bunduki yako ikikutwa chafu utasafisha za hanga zima mpaka usiku, na atakaa na wewe kwenye kiti pale akikuonyesha wapi kaboni inajificha. Ukimwambia afande goti limegoma atakuangalia kwa dharau kidogo, lakini atakupeleka zahanati, na kesho yake atakuuliza daktari kasemaje. Adhabu zake zilikuwa nzito ila ulikuwa unajua zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Kwa Kimya jambo lilelile leo ni sifa kesho ni kosa, kwahiyo unamsoma yeye badala ya kusoma kazi. Unajua ameamka vipi kwa jinsi alivyovaa kofia. Sisi tulikuwa mabingwa wa kumsoma Kimya, ila ungetuuliza mambo ya ramani na dira ungetuonea huruma.

Kanali mmoja wa Marekani aliyekuwa akifundisha kwenye chuo chao cha vita, George Reed, mwaka 2004 aliandika makala kuhusu viongozi wa namna hii na akataja ishara tatu, hajali hali za walio chini yake, tabia yake inaharibu hewa ya kikosi kizima, na walio chini wanaamini kabisa kwamba anafanya kwa ajili yake mwenyewe. Ile ya tatu ndio naona ina uzito. Koplo wetu alituumiza, lakini hakuna aliyewahi kudhani anajitafutia sifa. Kimya alikuwa akitaka kikombe cha platuni bora. Reed alisema pia kwamba wakubwa wa juu mara nyingi wanavutiwa na mtu kama huyu, maana kwao anapeleka matokeo, na gharama wanailipa wa chini. Ukitaka kumjua kiongozi wako mwenye sumu usimuulize bosi wake.

Na sio jambo geni. Mwaka 1879 Jenerali Schofield wa Marekani aliwaambia makadeti wa West Point, chuo chao cha maofisa wa jeshi, kwamba nidhamu ya askari wa kutegemewa vitani haipatikani kwa ukatili, na kwamba ukatili unaelekea zaidi kuliharibu jeshi kuliko kulijenga. Makadeti wa pale wanakariri maneno hayo hadi leo. Kukariri ni rahisi. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, kambi ya mafunzo ya marini wa Marekani ya Parris Island, mkufunzi Matthew McKeon alikiingiza kikosi chake, zaidi ya makuruta 70, kwenye mkono wa bahari wenye matope uitwao Ribbon Creek ili kuwatia nidhamu. Yeye mwenyewe alitangulia. Sita walizama. Alikuwa pia amekunywa pombe akiwa zamu, na mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa hilo na kwa vifo vya uzembe. Mimi kinachonishangaza ni ule mstari wa vijana wanaoingia kwenye maji meusi usiku, wengine hawajui kuogelea, na wanaendelea kuingia. McKeon wala hakuwa katili wa aina ya Kimya, ila ukishamfundisha mtu kwamba sauti yake haina kazi atakufuata mpaka mahali ambapo wewe mwenyewe ungependa akuzuie.

Urusi nayo ina ugonjwa wake, wale wa mwaka wa pili kuwatesa wanaoingia. Usiku wa mwaka mpya wa 2006 kule Chelyabinsk kuna kuruta alilazimishwa kuchuchumaa masaa, akapigwa, na mpaka anafikishwa hospitali ya maana miguu ilikuwa imeshaoza, ikakatwa yote miwili. Miaka miwili baadaye, 2008, muda wa utumishi wa lazima ulishashushwa hadi mwaka mmoja, na moja ya hoja ilikuwa hiyohiyo, kusiwe na wakongwe wa kumtesa mgeni. Waliona wenyewe kwamba anayeteswa leo anasubiri zamu yake.

Kwetu ilitokea bila hata kusubiri mwaka. Kimya alimchagua mmoja wetu kuwa kiranja wa platuni, kijana mpole, alikuwa akiandikia wenzake barua. Akaanza kwa kuiga sauti. Kisha akaiga ule mtindo wa kumkalisha mtu kivulini. Mwisho usiku hanga linalala kwa amri yake na hakuna afande yeyote karibu. Tulikuwa tunamchukia kuliko Kimya, maana yeye alikuwa anajua kilichomo ndani ya soksi zetu.

Utauliza kwanini hatukulalamika. Njia ilikuwepo. Kulikuwa na sanduku la maoni, zuri tu, lina na kufuli, limetundikwa ukutani nje ya ofisi ya wakufunzi, na ufunguo anao mkufunzi wa zamu. Malalamiko ya maandishi yanapitia kwa mkufunzi wa platuni kwenda kwa kamanda wa kombania. Aliyepanga hivyo wala sidhani alikuwa na nia mbaya, alifuata tu ngazi kama tunavyofundishwa, ila ngazi ikiwa na kipande kimoja kibovu mzigo wote unaishia hapo.

Kimya alikuja kuhamishwa katikati ya kozi, kwa kupanda cheo, na alipewa kikombe chake kabla hajaondoka. Akaja mwingine, sajenti pia, mtu wa kawaida sana, mkali wa wastani. Na hapa ndio pale nilipokuwa nimeanzia, kwenye daftari la wagonjwa. Nilipolisoma miaka mingi baadaye ukurasa wa platuni yetu chini ya Kimya ulikuwa mweupe, wiki baada ya wiki hakuna jina, wakati platuni mbili za jirani zina majina ya kawaida, malengelenge, kifundo, tumbo, homa. Pembeni kamanda wa kombania ameandika kwa wino mwekundu, hongera, mfano wa kuigwa. Kisha anaingia sajenti mpya na ghafla ukurasa unajaa, majina juu ya majina, miguu, magoti, vidonda vilivyooza, mmoja alikuwa akikojoa mkojo wa kahawia iliyokoza maana misuli ilikuwa inasagika na kumwagikia kwenye damu, na yule mwenye mguu uliofungwa shuka akaondoka kwa machela moja kwa moja. Safari hii wino mwekundu ukaandika, eleza kwanini platuni imelegea.

Fikiria huyo sajenti mpya. Kapokea platuni iliyooza ndani, kaifungua mdomo tu, na yeye ndiye anayeandikiwa barua ya kujieleza. Nimeona kitu hicho kikijirudia tangu niko ofisini, na siku hizi nikipewa kukagua kambi sianzi na kwata, naanza na daftari, na ukurasa mweupe kipindi cha matembezi marefu unanipeleka hangani kuangalia miguu ya watu. Mara nyingi wakufunzi hawapendi.

Kwenye grupu letu la wasapu ubishi huu hauishi. Kuna wanaosema Kimya ndiye aliyetufanya wanajeshi, na anayemtetea kwa nguvu kuliko wote ni yule aliyeondoka kwa machela, kozi hakumaliza. Simlaumu, mtu akishalipa bei kubwa hivyo hataki kuambiwa alichonunua hakikuwa na thamani. Wapo pia waliowahi kuomba radhi kwa waliokuwa chini yao, na yule kiranja aliwahi kujiunga siku moja, akasalimia, hakujibiwa na mtu, akatoka.

Sajenti mpya alijaribu njia nyingi kutufungua. Jioni alikuwa anakaa nasi hangani, anavua kofia, anasema haya, dakika kumi, mtu aseme lolote na halitatoka humu. Siku ya kwanza hakuna aliyesema. Ya pili pia. Alikuwa anakaa dakika zake kumi kimya na sisi, anaangalia saa, anasema asanteni, anaondoka. Aliyekuja kuvunja ukimya alikuwa kijana mmoja wa mwisho kabisa kwenye mstari, na wala hakusema habari za mateso, alisema afande buti zangu ni ndogo. Sajenti akamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku tulipogawiwa. Akauliza nani mwingine, mikono ikaanza kunyooshwa mmoja mmoja, mpaka ikawa karibu nusu ya hanga. Stoo walikosea saizi siku ya kwanza na tulikuwa tumetembea matembezi yote nazo. Akatuambia tuzivue, akatafuta kalamu na karatasi, akaanza kuandika namba za miguu yetu.